Mbinu za Patroni wa Nkubairu

Jumatatu, 1 Juni 1987

Nimepanda cheo! Mshahara ni ule ule, lakini cheo ni cheo. Mkuu wa Chuo, Bwana Mutembei, aliniita ofisini baada ya chai ya saa nne. Akaniambia kuanzia leo mimi, Salesio Bundi, mwalimu wa Kilimo, ndimi patroni wa timu ya wasichana ya mpira wa kikapu. Patroni wa zamani amehamishiwa Isiolo. Nilitaka ninyamaze kidogo, nionekane mtu anayetafakari. Nikajikuta nimekubali kabla hajamaliza kusema.

Kuna jambo, hata hivyo. Mkuu anasema Chuo cha Ualimu cha Nkubairu hakijawahi kuleta Meru kombe la vyuo vya mkoa. Kila mwaka tunarudi na nyimbo tu. Uwanja umekaa katikati ya chuo, saruji yake safi, na mwezi wa Agosti mahindi ya shamba la chuo yatataka pa kuanikwa. Timu ikikosa kombe mwaka huu, milingoti itang'olewa. Patakuwa pa mahindi, na ghala litajengwa kando.

Sasa, mahindi hayo ni yangu. Nimeyapanda mimi na wanafunzi wangu. Ni mimi niliyemsumbua Mkuu mwaka mzima anipe pa kuyaanika! Lakini patroni ni patroni. Mahindi yatajijua.

Nilimweleza mke wangu Felicitas. Akauliza kama nimewahi kuucheza mpira huo hata siku moja. Nikamwambia sijawahi kuwa ng'ombe pia, na nafundisha ufugaji.

Alhamisi, 4 Juni

Nimekutana na timu. Kocha ni Mwalimu Mukami, anafundisha Kiingereza, kijana, ana filimbi shingoni. Alinieleza kwa heshima kwamba kazi ya patroni ni kutafutia timu lori na kupiga makofi. Nikamwambia mimi ni mtu wa mbinu. Akasema makofi pia ni mbinu.

Nimemuuliza kwao ni wapi. Embu! Mahasimu wetu wakubwa ni Chuo cha Kanja, na Kanja iko Embu. Nimeliweka hilo akilini.

Nahodha anaitwa Karambu, msichana wa Igembe, mfupi, maneno machache. Nilisikitika. Mpira wenyewe ni wa watu warefu, na nahodha ni kama mche wa kabichi. Basi nikiwa bado nasikitika, akautupa mpira kutoka mbali kabisa, ukaingia wavuni bila kugusa chuma. Akautupa tena. Ukaingia. Nimemgundua mchezaji! Mukami anasema Karambu amekuwa nahodha tangu mwaka jana. Sawa. Lakini hakuwa amegunduliwa na patroni.

Jumamosi, 27 Juni

Msimu unakwenda vizuri mno. Tumewapiga wa Machakos, tumewapiga wa Kitui. Leo tulikuwa Chuka, tukawapiga wenyeji kwao, ingawa uwanja wao mpya umesakafiwa laini kama sahani na wasichana wetu waliteleza mchana kutwa. Mukiri, yule mrefu wetu wa chini ya kikapu, alianguka hadi watazamaji wakaanza kumpa pole kabla hajaanguka.

Tumeingia fainali! Ni mechi tatu dhidi ya Kanja. Ya kwanza kwao, ya pili kwetu, na ya tatu ikihitajika itachezwa mahali pa katikati. Mshindi wa mbili anachukua kombe.

Mbogo, patroni wao, alikuja kututazama. Nilisoma naye. Tangu wakati ule anajiona. Alikuwa amevaa traksuti ya bluu yenye mistari miwili mieupe, yeye na tumbo lake. Mimi nilikuwa na koti na tai. Akanisalimia akasema nimependeza, nafanana na mtu anayekwenda kuomba mkopo. Watu wakacheka. Nilicheka pia, lakini si kwa moyo.

Jumatano, 8 Julai

Mbinu ya kwanza. Upelelezi!

Sikumwambia Mukami. Nilivaa mabuti ya mvua na kofia pana, nikachukua jembe dogo la kupimia udongo, nikaenda Kanja kama afisa wa kilimo. Nia yangu ilikuwa nipite karibu na chuo chao nikikagua kahawa, huku jicho moja likiwa uwanjani wakifanya mazoezi.

Nilifika mapema. Nikainama kwenye mche wa kwanza. Mama mmoja akauliza kama ni mtu wa kilimo. Nikasema ndiyo. Akaniuliza kwa nini buni zake zinaoza zikiwa bado za kijani. Hilo ni swali zuri! Nikamweleza habari za ukungu, za kupogoa, za kupulizia dawa kabla ya mvua. Akaita jirani. Jirani akaita wengine. Nilipoinua kichwa kulikuwa na mkutano mzima, wazee wamekaa mbele. Wakaniuliza kuhusu ndizi. Wakaniuliza kuhusu mbuzi asiyeshika mimba. Nilifundisha kama sijawahi kufundisha maishani. Walipiga makofi!

Mazoezi yakaanza, yakaisha. Nilisikia mpira ukidunda kwa mbali. Sikuona hata kikapu.

Mwishowe mzee Kathuri, ambaye ndiye aliyekuwa na maswali ya mbuzi, akasema si vizuri mgeni wa serikali aondoke bila kusalimiana na mwalimu wao mkubwa. Akaletwa Mbogo. Traksuti ile ile! Akanitazama mabuti, akanitazama kofia, akatoa mkono mbele ya watu wote. Akasema karibu sana, Mwalimu Bundi, chai iko tayari.

Lakini sikurudi mikono mitupu. Mbali na mkungu wa ndizi niliopewa na wananchi, nilipata siri nzito. Tukinywa chai Mbogo aliropokwa. Alisema anaogopa sana, kwa sababu nahodha wao anatumia mkono wa kushoto tu, wa kulia ni kama umekufa, na sisi tukijua hilo wamekwisha. Kisha akajiziba mdomo kama mtu aliyejuta.

Masikini Mbogo. Hajui kunyamaza.

Jumamosi, 11 Julai

Tumepoteza mechi ya kwanza.

Niliwapa wasichana siri yangu ndani ya lori, tukivuka mto Thuci. Mukami aliuliza nimeitoa wapi. Nikasema patroni ana njia zake. Alisitasita, lakini Karambu alisema mwalimu hawezi kusema jambo asilolijua. Basi wakamziba nahodha wa Kanja upande wa kushoto, kama ukuta wa boma.

Akapita kulia. Akapita tena kulia. Kipindi kizima anapita kulia kama mtu anayekwenda kisimani! Wakati wa mapumziko nilimshauri Mukami asubiri, mkono utachoka. Yeye aliwapanga wasichana upya, wakapigana kama simba, wakakaribia sana, lakini muda ukaisha.

Mbogo alikuja kunipa pole. Akaniuliza mbuzi wa mzee Kathuri apewe nini. Nikamwambia chumvi ya mawe. Kazi ni kazi.

Ndani ya lori hakuna aliyeimba. Karambu alikaa karibu nami. Nilidhani atanilaumu. Akasema tu kwamba mwaka huu ndio wake wa mwisho chuoni, na kule kwao Igembe baba yake amewaambia watu wote sokoni kwamba binti yake ataleta kombe. Nilimpa ndizi.

Jumanne, 14 Julai

Nimeamka na mbinu mpya, tena hii ni ya kisayansi. Ng'ombe akishiba sana hulala chini akacheua. Hakimbii. Kwa nini binadamu awe tofauti?

Kanja watakuja Jumamosi. Sisi ni wenyeji. Mila zetu hazimruhusu mgeni kucheza na njaa. Nimeagiza jikoni mukimo wa viazi na majani ya malenge, githeri ya mahindi na maharagwe yenye parachichi, nduma, yaani magimbi, za kutosha, na ucuru mzito, ule uji uliochacha vizuri. Vyote viwe mezani kabla ya mechi.

Felicitas amenitazama akauliza kama ninawakaribisha au ninawanenepesha. Nikasema ukarimu wa Wameru hauna mipaka. Akasema atasimamia sufuria mwenyewe, kwa sababu jambo hili lina harufu yangu.

Jumamosi, 18 Julai

USHINDI! Tumeshinda mechi ya pili! Sasa ni mechi moja kwa moja!

Nitaeleza kwa utaratibu. Kanja walifika, nikawapokea getini kwa mikono miwili, nikawaonyesha meza. Mbogo akaitazama meza. Akanitazama mimi. Akasema asante sana ndugu yangu, lakini wasichana wake wamekula uji mwepesi nyumbani, watakula tena wakimaliza kazi. Wakaenda kupasha mwili moto! Chakula chote kikabaki kinafuka.

Basi wakaja marefa wawili. Walikuwa wametoka mbali na wana njaa. Kabla sijaweza kusema kitu, walikuwa wamekaa. Walikula mukimo. Walikula githeri. Yule mnene aliongezwa ucuru, akaomba tena. Mke wangu, ambaye hajui siasa za michezo, aliwabembeleza wamalize nduma.

Mechi ilianza marefa wakitembea. Baada ya muda mmoja alisimama katikati ya uwanja akawa anageuka tu, kama mlingoti wenye filimbi. Wa pili aliomba kiti. Alipuliza akiwa ameketi!

Hapo ndipo Mukami alipoonyesha kipaji. Aliita mapumziko, akawaambia wasichana: “Hakuna atakayewafikia. Msisubiri filimbi. Kimbieni, pasieni, kimbieni.” Na walikimbia! Karambu alikuwa huku, alikuwa kule, mpira unadunda chini yake kama ni mbwa wake wa nyumbani. Kanja bado wanasubiri faulo, sisi tumeshatia. Mukiri aliruka akaushika kila mpira uliorudi. Chuo kizima kilisimama. Hata wapishi walitoka na mwiko.

Mbogo amelalamika kwamba marefa walikuwa wameshiba. Nikamuuliza kuna sheria gani inayokataza refa kushiba. Hakuna!

Nimemwambia Felicitas kwamba mbinu ilifaulu. Akasema mbinu ilikuwa kuwalaza Kanja. Nikamwambia mkulima hupanda mahali pamoja, mvua ikanyesha pengine, na mavuno ni yale yale. Aliendelea kuosha sufuria.

Jumatatu, 20 Julai

Ubishi mkubwa juu ya uwanja wa mechi ya mwisho. Chama cha michezo kimesema Chuka. Mbogo amepinga, ati Chuka iko wilaya ya Meru. Nikajibu kwamba kutoka Kanja hadi Chuka ni karibu kuliko kutoka kwetu, na kwamba sisi ndio tutakaofika tumechoka. Nilizungumza vizuri sana. Mwenyekiti alisema nimesikika, nikae.

Imebaki Chuka, Jumamosi hii.

Mkuu wa Chuo amepita uwanjani jioni na fundi. Walikuwa wanapima mahali pa ghala. Wasichana waliacha mazoezi wakawatazama. Mukami akapuliza filimbi kwa nguvu, wakaendelea.

Ijumaa, 24 Julai

Sakafu ya Chuka! Nimekuwa nikiiwaza wiki nzima. Laini kama sahani. Karambu akiteleza, kombe limeteleza.

Jibu liko mbele ya ofisi yetu. Pale kuna mti wa mpira, ule wenye majani mapana yanayong'aa. Ukiukata unatoa maziwa yanayonata. Sasa kama soli ya kiatu itapakwa maziwa hayo, kiatu kitaishika sakafu. Mchezaji atasimama anapotaka. Ajabu ni kwamba hakuna aliyewahi kulifikiria.

Niliwaambia wasichana nataka viatu vyao vyote nivisafishe, ili waingie uwanjani waking'aa. Waliguswa. Mukiri alisema hawajawahi kuwa na patroni kama mimi. Nimevipaka viatu kimoja kimoja, kwa mikono yangu. Nilihofia utomvu utakauka kabla ya mechi, nikauchanganya na asali ya Tharaka. Kisha nikavitia vyote katika gunia moja, nikalifunga vizuri, nikaliweka karibu na jiko lisipate baridi.

Nalala nikiwa na amani.

Jumamosi, 25 Julai

Lazima niandike leo leo.

Tulifika Chuka. Kanja walikuwa wameshafika na lori mbili, timu na mashabiki. Nikalileta gunia mbele ya wasichana, nikalifungua kwa madaha. Nikaingiza mkono nitoe kiatu cha nahodha.

Vikatoka vyote! Viatu vya timu nzima vilikuwa vimekuwa kiatu kimoja. Donge kama mzinga wa nyuki, na siafu juu yake. Tulivuta. Mukami alivuta upande mmoja, dereva upande mwingine. Soli zikabanduka, viatu vikabaki vimeshikana.

Hakuna aliyenipigia kelele. Ingekuwa afadhali. Mukiri alianza kulia. Karambu alilitazama donge, kisha akanitazama mimi.

“Mwalimu, usijali,” akasema. “Kwetu nilikwenda shule miguu mitupu hadi darasa la saba. Tutacheza hivyo.”

Lakini refa alikataa. Bila viatu hakuna mechi, na bila mechi kombe ni la Kanja. Mukami alimsihi kwa Kiingereza na kwa Kiswahili. Mimi nilitamani niwe mbegu, nifukiwe.

Akaja Mbogo. Nilijua amekuja kunicheka, na kweli alicheka. Aligusa donge kwa kidole, kidole kikanasa, akacheka hadi akajifuta machozi kwa mkono wa traksuti. Nilingoja amwambie refa apulize filimbi, achukue kombe lake, arudi Kanja.

Akawageukia mashabiki wake walioketi kwenye nyasi, akawaambia maneno kwa Kiembu. Mukami akashika mdomo. Nikamuuliza amesema nini. Akaniambia: “Anasema hataki kombe la kupewa na gundi. Wavue raba zao.”

Na walivua! Wasichana wa Kanja, waliokuja kutushangilia tushindwe, walivua raba zao wakazipanga mbele yetu. Wetu wakajaribu, wakabadilishana, hiki kidogo, hiki kikubwa. Wote wakapata, isipokuwa Mukiri. Mguu wa Mukiri ni mguu wa kiongozi. Hapakuwa na raba ya kumtosha uwanja mzima.

Mbogo akatazama mguu wa Mukiri. Akatazama wake. Akaketi chini, akafungua kamba, akampa.

Basi mechi ikachezwa. Sitasahau. Hakuna aliyeteleza kwa sababu Mukami aliwafundisha wiki nzima kupiga hatua fupi, kumbe yeye pia alikuwa ameiwaza sakafu hiyo. Kanja walitangulia, tukawafikia, wakatangulia. Mbogo alikuwa anaruka na soksi pembeni, moja ina tundu. Mwishoni kabisa Kanja walikuwa mbele kwa pointi moja, na mpira ni wa Karambu. Walimzunguka wawili, kisha watatu. Kila mtu Chuka alijua atatupa. Mimi pia nilijua. Aliinua mikono, wote wakaruka naye, na yeye hakutupa. Aliupitisha mpira chini ya makwapa yao, ukamfikia Mukiri. Mukiri akapaa na viatu vya Mbogo, akauweka ndani taratibu, kama mtu anayerudisha yai kiotani.

Filimbi!

Nkubairu mabingwa wa mkoa! Nililia, na sikujificha. Wasichana walimbeba Mukami juu. Aliyepiga makofi kuliko wote alikuwa Mbogo. Wachezaji wake walikuwa wanalia, naye anapiga makofi, amesimama na soksi. Nikaenda kumshukuru. Nikamshika mkono. Akaniambia, “Bundi, wasichana wako ni hodari. Wewe rudi kwenye kahawa.”

Tumerudi tukiimba njia nzima. Mjini Meru watu walitoka madukani. Kombe alilishika Karambu, na kesho analipeleka Igembe, baba yake alionyeshe sokoni.

Nikiwa ndani ya lori, upepo ukinipiga, nilianza kuona mambo kwa utulivu. Nani alimfanya Mbogo asimame na soksi wakati wa fainali? Nani aliwavua mashabiki wake viatu hadi wakashindwa kurukaruka? Kocha gani duniani amewahi kumvua patroni wa adui viatu kabla ya mechi? Sikulikusudia kwa kichwa. Lakini mtu wa mbinu hufanya kazi hata asipojua.

Jumatatu, 27 Julai

Mkutano wa asubuhi. Mkuu alimsifu Karambu, akamsifu Mukiri, akamsifu Mukami hadi akakohoa. Mimi aliniita “na wengine wote”. Nimeelewa. Hataki walimu wenzangu waone wivu.

Uwanja umepona! Milingoti itapakwa rangi mpya. Mahindi yataanikwa nyumbani kwangu, uani, mbele na nyuma. Felicitas ameambiwa na mtu mwingine kabla yangu. Sijaenda nyumbani kwa chakula cha mchana.

Raba za Kanja zimeoshwa, Mukami atazirudisha mwenyewe. Zile za Mbogo Mukiri amezing'arisha kwa rangi hadi ungeweza kujitazama.

Sasa tunakwenda mashindano ya taifa, Nakuru. Mukami alinijia baada ya vipindi. Alisema, kwa heshima zote, yeye na timu wangefurahi sana nikibaki chuoni kutunza ng'ombe wa chuo. Karambu alikuwa nyuma yake, akaitikia kwa kichwa. Hata Mukiri aliitikia. Nilikaribia kuhuzunika, kisha nikagundua maana yake. Wanataka nifanye kazi bila kuonekana! Huwezi kumpeleka mtu kama mimi mbele ya maadui wa taifa zima wakamsoma.

Nimekubali. Na tayari nina mbinu. Katika mpira huu shida yote ni mpinzani anayekuganda kifuani. Sasa, jezi ikichemshwa katika maji ya pilipili kichaa, kisha ikakaushwa, nani atamkaribia Karambu? Watamwachia njia kama mkuu wa mkoa. Nimeupima mpango huu kila upande, na sioni kasoro.

Nimemwomba Felicitas sufuria yake kubwa. Ameuliza ni ya nini. Nikasema ni siri ya taifa. Ameichukua, amekwenda kuificha kwa jirani.

Si neno. Kesho nashuka mjini, mtaa wa Majengo. Wapishi wa harusi wa kule wana sufuria za kuingia timu nzima, pamoja na wachezaji wa akiba.